Kirongozi, Dereva na Kiendeshi

Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika Kiswahili pamoja na kompyuta, mojawapo lililopata taabu ni jina la ile programu inayosimama kati ya kifaa na mfumo wa uendeshaji, ikapokea habari za kifaa na kuzifasiri. Wengine huiita dereva, wengine kiendeshi. Majina yote mawili yamefuata neno la Kiingereza, wala hakuna hata moja linaloeleza kazi yenyewe. Lakini kazi iliyo mfano wake ilikuwa na jina katika njia ya Tabora zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Burton na Speke walipofika Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, mwezi wa Novemba 1857, desturi za misafara zilikuwa zimekwisha kukomaa mikononi mwa Wanyamwezi. Mbele ya wote alikwenda kirongozi, ambaye Burton alimwandika *kirangozi*. Huyu hakuwa tajiri wa msafara. Alikuwa mpagazi, mwenye vazi jekundu na manyoya kichwani, na bendera nyekundu ya Unguja ilikwenda naye. Hapana aliyeruhusiwa kumtangulia: aliyethubutu alichukuliwa mshale podoni, naye hakuupata tena ila kwa faini. Tena, njia ilipogawanyika, ile isiyofaa ilizibwa kwa matawi au kwa mstari uliochorwa ardhini, wasije wakapotea walio nyuma. Basi kuongoza msafara kulikuwa mambo mawili, kuonyesha njia na kuifunga isiyokuwa njia. Na hili la pili ndilo husahauliwa.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baadaye, katika utawala wa Waingereza, neno dereva likaenea kwa mtu wa gari moshi na wa motokaa. Dereva huamuru mwendo, na chombo hutii.

Programu ya padi ya mguso katika kipakatalishi haiamuru kitu. Padi hupima mabadiliko ya umeme yanayoletwa na kidole, ikatoa tarakimu za mahali kilipo na, katika padi nyingi, za ukubwa au nguvu ya mguso. Katika Linux, mfumo ulio huria tangu miaka ya 1990, kiini cha mfumo huzipokea tarakimu hizo, kisha programu nyingine huzitafsiri kuwa mwendo wa kishale. Kwa miaka mingi kazi hiyo ya pili ilifanywa na programu iitwayo synaptics, yenye mipangilio mingi mno hata mtumiaji wa kawaida hakujua aguse upi. Mwaka 2014 ikatokea libinput, ambayo mtunzaji wake mkuu ni Peter Hutterer. Shabaha ilikuwa programu yenyewe ijue la kufanya, mtumiaji asiachiwe mzigo huo.

Ugumu mkubwa umo katika kukataa. Kiganja hugusa padi mtu anapoandika, nacho hakikukusudia kusema lolote; mguso huo hauna budi kupuuzwa. Kidole nacho, hata kikilazwa kimya, tarakimu zake huchezacheza, na kishale kikatetemeka. Dawa ya zamani ilikuwa kupuuza kila mwendo mdogo sana. Kishale kilitulia, lakini aliyetaka kukisogeza kidogo tu alikiona kimekwama, kisha kikaondoka kwa ghafla. Mwaka 2018 libinput iliiacha kanuni hiyo kuwa ya wote: ikaanza kutazama kwanza kama padi yenyewe inatetemesha, na hapo tu ndipo ikaitumia. Kabla ya hapo, kwa hakika, matawi yalikuwa yamewekwa katika kila njia panda kwa sababu ya njia chache mbovu.

Kiendeshi, basi, ni jina lisilotosha, nalo lina kasoro ya pili: hutumika pia kwa chombo cha kuhifadhia data, hata mwanafunzi asijue ni kipi kilichoharibika. Kiongozi limekwisha kuchukuliwa na wenye vyeo. Umbo la kale, kirongozi, halina kazi leo, na kuliazima kungekuwa bora kuliko kuendelea na dereva.

Lakini upungufu wa jina ni mdogo ukilinganishwa na upungufu wa maelezo. Programu huria hurekebishwa kwa taarifa za wanaoitumia. Mtu wa Tabora mwenye padi yenye hitilafu aweza kuipeleka rekodi ya tarakimu zake, maana tarakimu hazina lugha. Maelezo yanayofuatana nayo hutakiwa kwa Kiingereza, na asiyekimudu hunyamaza. Kumbe Kiswahili hakikosi maneno ya kazi hii. Kishale *kinachotetemeka* kidole kikiwa kimetulia, kishale *kinachoruka* kiganja kikipita, na kishale *kinachokwama* mwanzoni mwa mwendo ni hitilafu tatu mbalimbali, kila moja na chanzo chake, nazo hutambulika kwa kitenzi kimoja kimoja bila maelezo marefu.