Baridi yabisi: neno lililopanda reli hadi Nakuru

Ukimuuliza mzee wa Molo, Njoro au Mau Narok kwa nini anachechemea, jibu aghalabu huwa moja: "Ni baridi." Akitaka kufafanua ataongeza, "Baridi imeniingia kwa mifupa," nawe ukitazama ukungu unavyoteremka kutoka Mau asubuhi, huoni sababu ya kumbishia. Walio na Kiswahili cha vitabuni huliita jambo hilo hilo baridi yabisi. Nimelisikia jina hili kwa zaidi ya miaka thelathini nikifundisha sehemu hizi. Historia yake ni ndefu kuliko ya mji wenyewe wa Nakuru, na nionavyo, kwa namna tunavyolitumia siku hizi, linawaponza watu.

Kwanza tuondoe kosa la tahajia. Wanafunzi wangu hupenda kuandika "baridi ya bisi". Bisi ni mahindi yaliyokaangwa yakapasuka, na hayo sijui baridi yake ikoje! Neno ni yabisi, kutoka Kiarabu, lenye maana ya -kavu au -gumu. Aliyesoma sayansi kwa Kiswahili amekutana nalo. Kwa hivyo baridi yabisi ni baridi kavu.

Kavu kwa nini? Hapa hatuna budi kurudi nyuma sana. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alifundisha kwamba mwili hutawaliwa na viowevu vinne, kila kimoja na sifa zake mbili. Damu ni ya moto na majimaji, kohozi ni la baridi na majimaji, nyongo ya manjano ni ya moto na kavu, nyongo nyeusi ni ya baridi na kavu. Ugonjwa ni mizani iliyopotoka. Wataalamu wa ulimwengu wa Kiislamu waliipokea nadharia hiyo wakaipanua, hasa Ibn Sina, aliyefariki mwaka wa 1037, na kwa karne nyingi ikatumika kuanzia Uhispania hadi Bara Hindi. Pwani yetu haikuachwa nje. Angalia mabaki yake katika kamusi: balghamu, yaani kohozi, na safura, ambayo kwa Kiarabu ni ile nyongo ya manjano lakini kwetu imegeuka kuwa ugonjwa wa upungufu wa damu uletwao na minyoo. Sioni shaka kwamba baridi yabisi ni ndugu yao. Goti lililokakamaa lilihesabiwa kuwa limepoa na kukauka.

Tiba nayo ilifuata mantiki hiyo: kila sifa hutibiwa kwa kinyume chake. Ndiyo maana dawa ya viungo hadi leo ni tangawizi, pilipili manga, mafuta ya moto, kukandwa na kuchuliwa. Palikuwa pia na kuumika, yaani kufyonza damu kwa pembe iitwayo chuku. Naam, chuku hiyo hiyo ya tamathali za semi! Pembe huvuta ngozi ikavimba kupita kiasi chake, na atiaye chuku maneno hufanya vivyo hivyo.

Watu wa Pwani hawakulundika maumivu yote katika kapu moja. Palikuwa na jongo, linalovimbisha viungo. Palikuwa na kidingapopo, homa inayomwangusha mtu ghafla na kumvunja maungo yote. James Christie, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Unguja, aliandika kuhusu ugonjwa huu mwaka wa 1872 katika jarida la madaktari wa Uingereza, akilihifadhi jina la Kiswahili, ambalo yeye aliliandika "Kidinga Pepo". Wapo wanaoamini kwamba neno dengi linalotumiwa duniani kote lilichipuka hapo. Baadhi ya wanahistoria wa tiba wanahoji kuwa alichokiona Christie kilikuwa chikungunya, jina jingine la kwetu, lililotokana na Kimakonde baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanzania. Maana yake yahusu kujikunja: mgonjwa hutembea ameinama kwa maumivu.

Sasa turudi Nakuru. Reli ilifika hapa mwaka wa 1900, na pamoja nayo makarani, askari, wapagazi na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili. Maneno ya tiba yakapanda nao. Lakini huku juu hapakuwa na mtu wa kueleza habari za nyongo nyeusi. Palikuwa na mashamba ya walowezi, watu wakiamka alfajiri kukamua ng'ombe na kuchuma pareto kwenye umande. Yabisi ikadondoka njiani, ikabaki baridi, na baridi ikawa ya hewa. Neno lililotaja hali ya ndani ya mwili likaanza kulaumu mawingu.

Madhara yake ni haya. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huyeyusha floridi katika maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nakuru, Gilgil na Naivasha hupita hapo. Wenyeji hutaniwa kwa meno ya kahawia, utani ambao mimi haujawahi kunichekesha. Lakini floridi haiishii kwenye meno. Mtu akiinywa kwa wingi kwa miaka mingi hujijenga mifupani, kano hugeuka ngumu, na mgongo hukakamaa hata asiweze kuinama. Akiulizwa, atasema nini? "Baridi tu, daktari." Bruselosi, inayopatikana kwa maziwa yasiyochemshwa, nayo huleta homa ya kupanda na kushuka na maumivu ya mgongo na viungo, na nayo hujificha chini ya blanketi hilo hilo. Huyu wa pili ana dawa za kumponya, bora atambuliwe mapema.

Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imekuwa ikichuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ambayo haijapata sifa inayostahili. Upande wa lugha, siwaombi wazee waache kusema baridi. Lugha ni yao. Nawaomba wanaowafunza madaktari wetu wawafundishe pia kwamba mzee wa Njoro akisema baridi hajataja ugonjwa, na akisema mshipa huenda anakusudia msuli, kano, neva au hata ngiri. Kabla ya kuandika dawa ya kuchua, amuulize: "Mzee, maji ya kunywa mnateka wapi? Na maziwa, mnayachemsha?"