Bomba la Mfadhili, Spana ya Kijiji: Miaka 60 ya Kugharamia Maji Tanzania

Mwaka 1971 chama cha TANU kiliamua kwamba ndani ya miaka 20, yaani ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini awe anapata maji safi karibu na kwake. Baadaye ukaribu huo ukapimwa: mita 400 kutoka nyumbani. Nchi ilikuwa na miaka 10 tu ya uhuru, wahandisi wazalendo wa maji walikuwa wachache mno, na hazina haikuwa na fedha za kutosha kwa kazi hiyo. Wafadhili, hata hivyo, walikuwa wameshaanza kubisha hodi.

Ukiifuatilia habari ya maji nchini tangu hapo, jambo moja linajirudia kiasi cha kuchosha. Fedha za kuchimba kisima na kulaza bomba zimepatikana karibu katika kila awamu, tena kutoka pande zote za dunia. Fedha za kununua dizeli, kubadili washa iliyolika na kumlipa fundi ndizo zilizokosa mwenyewe. Choo nacho kimekaa mwisho wa foleni muda wote huo.

Enzi ya mkoloni, mradi wa maji wa kijijini ulichangiwa: serikali ilitoa sehemu kubwa, na mamlaka za wenyeji zikatoa iliyobaki pamoja na gharama za kuuendesha. Matokeo yake yalikuwa ya kutabirika. Maeneo yenye kahawa, pamba na ng'ombe wengi yalipata maji, na maeneo maskini yakaendelea kuchota kwenye madimbwi. Mwaka 1965 serikali ya Mwalimu Nyerere iliufuta utaratibu huo wa kuchangia ujenzi, na kufikia 1970 ilikuwa imeubeba mzigo wote, mpaka mshahara wa mhudumu wa pampu. Siku hizi wataalamu huicheka hatua hiyo kama ndoto ya vijana wa Azimio la Arusha. Mimi siicheki. Ilizaliwa na swali la haki ambalo halijajibiwa hadi leo: kwa nini mtoto wa Mtwara asubiri maji mpaka baba yake awe na kahawa?

Sweden ilianza kusaidia maji vijijini mwaka huohuo wa 1965, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mfadhili mkuu. Baada ya uamuzi wa 1971 zikaja nchi nyingine, na kila moja ikakabidhiwa eneo lake. Wafini walikwenda Mtwara na Lindi. Waholanzi wakachukua Shinyanga, kisha Morogoro. Wanorwe walipewa Kigoma na Rukwa, Wadeni Iringa, Mbeya na Ruvuma, Wajerumani wa Magharibi Tanga. Kila mfadhili alianza kwa kuandaa mpango kabambe wa maji wa mkoa, majuzuu mazito ya ramani, vipimo vya mito na hesabu za vijiji. Ile ilikuwa kazi nzuri ya kisayansi, na baadhi ya vipimo vyake vilitumika miongo kadhaa baadaye. Kasoro yake ni kwamba nchi moja ilijikuta na sera za maji karibu sawa na idadi ya balozi zilizokuwa Dar es Salaam.

Tofauti hizo zilionekana wazi kabisa kwenye pampu za mkono. Mtwara na Lindi zilijaa pampu ya Kifini iitwayo Nira. Morogoro ukaikuta SWN ya Kiholanzi. Nira iliyoenea miaka ya 1980 ina mpini wenye umbo la herufi T ambao mchotaji huuvuta juu na kuukandamiza chini kwa mikono miwili, bila mtaimbo wala egemeo. Shina lake ni bomba la plastiki lililozibwa, lina hewa ndani, kwa hiyo huelea majini na kumpunguzia mchotaji uzito. Mwanamke mmoja anaweza kuifungua kwa spana chache. Ni pampu ya visima vifupi, na kwa kisima kifupi ni chombo cha maana sana. Ila fundi aliyeizoea akihamishiwa Morogoro, na vipuri vyake vikibaki ghala la Mtwara, hana msaada wowote. Vipuri vilikuja na mradi, na mradi ulipoondoka navyo vikaondoka.

Vijiji vyenye kisima kirefu vilifungiwa injini ya dizeli, mara nyingi Lister ya silinda moja. Waliokua miaka ile wanaukumbuka mlio wake, ule wa taratibu unaosikika toka ng'ambo ya bonde: mhudumu anazungusha hendeli, magurudumu mazito ya chuma yanashika kasi, moshi mweusi unatoka, halafu akina mama wanaanza kupanga ndoo. Mhudumu yule alikuwa mtumishi wa serikali. Dizeli ilitoka ofisi ya maji ya wilaya, ofisi ya wilaya iliipata mkoani, na mkoa ulisubiri Dar es Salaam. Bei ya mafuta ikapanda 1973, ikapanda tena 1979, vita vya Kagera vikala akiba ya fedha za kigeni, na serikali ikaingia katika mvutano mrefu na Shirika la Fedha la Kimataifa uliokwisha 1986 kwa makubaliano. Katika miaka hiyo Lister nyingi zilinyamaza zikiwa nzima kabisa. Hazikuharibika, zilikosa mafuta tu.

Ajabu ni kwamba ujenzi haukusimama. Umoja wa Mataifa, kufuatia mkutano wa Mar del Plata, Argentina, wa 1977, uliitangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa muongo wa maji na usafi wa mazingira duniani, na fedha za miradi mipya zikaendelea kuingia. Mfadhili anaweza kukata utepe kwenye tangi jipya, lakini kwenye pipa la dizeli hakuna utepe wa kukata. Bunge la kwao linauliza ni visima vingapi vimechimbwa, na ripoti inajibu swali lililoulizwa.

Choo kilikuwa na historia yake pembeni, nayo inafundisha zaidi kuliko ya bomba. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Takriban watu milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadili malaria, kichocho, kuhara na maji machafu, kisha wakarudi makwao kuchimba vyoo vya shimo kwa majembe yao. Sweden ilisaidia gharama za kampeni, lakini hakuna mfadhili aliyemjengea mtu choo. Bwana afya alikuwa na baiskeli, daftari na, tuseme ukweli, kitisho cha faini. Kipindupindu kilipoingia nchini mwaka uliofuata na kuenea vibaya mwishoni mwa muongo ule, vyoo vilikuwa vingi kuliko katika nchi nyingi zenye kipato kama chetu. Vingi kati ya hivyo vilikuwa mashimo yenye magogo juu, vinavyobomoka masika, na tatizo la ubora wake halijaisha hadi leo. Hata hivyo sijui kampeni nyingine ya usafi iliyopata mengi kiasi kile kwa fedha kidogo namna ile.

Mafunzo hayo yaliwafikia Waswidi wenyewe. Mwaka 1985 waliibadili misaada yao kuwa mpango wa HESAWA katika mikoa ya Kagera, Mara na Mwanza, uliounganisha maji, vyoo na elimu ya afya, na uliomtaka mwanakijiji achangie nguvu na fedha. Visima vifupi vya pete za zege vilichimbwa na mafundi wa hapohapo, na kamati za maji zikaundwa. Mpango huo ulidumu hadi 2002.

1991 ilipofika, maji ya mita 400 yalikuwa bado ni habari ya wachache. Mwaka huohuo serikali ilitoa sera mpya ya maji iliyosema kwa mara ya kwanza kwamba mtumiaji naye achangie. Januari 1992 wataalamu walikutana Dublin na kutamka kuwa maji yana thamani ya kiuchumi, na tangu hapo karibu kila mkopo wa maji ulikuja umebeba tamko hilo. Sera ya 2002 ikakamilisha mzunguko: kijiji kichangie ujenzi na kibebe gharama zote za uendeshaji. Mzigo ulioondolewa mabegani mwa mwanakijiji 1965 ulirudishwa palepale, safari hii pamoja na pampu chakavu.

Mjini habari ilikuwa nyingine. Dar es Salaam ilikuwa ikinywa maji ya mto Ruvu kupitia mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa 1959 na Ruvu Chini uliojengwa kwa msaada wa Kanada na kukamilika 1976. Mabomba yalivuja, na wengi waliochota hawakuwa na ankara. Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zilikubali kukopesha, kwa sharti kwamba kampuni binafsi iendeshe huduma. Agosti 2003 City Water, iliyowaunganisha Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nchini, ilianza mkataba wa miaka 10. Kampeni ya kuunadi ubinafsishaji, iliyogharamiwa na serikali ya Uingereza, ilikuwa na wimbo wake kabisa. Makusanyo yakashuka badala ya kupanda. Mei 2005 Waziri wa Maji, Edward Lowassa, alitangaza kuuvunja mkataba, na tarehe 1 Juni wakuu watatu wa kampuni wakasafirishwa nje ya nchi. Kesi zikafuata. Julai 2008 jopo la usuluhishi la Benki ya Dunia liliona kwamba Tanzania ilikiuka taratibu kwa namna ilivyoiondoa kampuni, lakini halikuipa Biwater fidia hata senti moja. Mikopo ya mabomba, bila shaka, ilibaki ya Watanzania kuilipa.

Lowassa huyohuyo alihusika na mradi ambao kwangu ndio wa pekee zaidi katika historia hii: wa kuyatoa maji Ziwa Victoria na kuyapeleka Shinyanga na Kahama. Makubaliano ya 1929 kati ya Uingereza na Misri yalizuia kazi yoyote itakayopunguza maji ya Nile, mto unaotoka katika ziwa hilo, bila ridhaa ya Misri. Mwalimu alikwisha kusema 1962 kwamba Tanganyika haifungwi nayo, lakini kusema ni kitu kimoja na kupata mkopo ni kingine, maana Benki ya Dunia ina utaratibu wa kuziarifu nchi zote zinazotumia mto unaovuka mipaka kabla ya kutoa fedha. Mwaka 2004 Tanzania ilitangaza kwamba inajenga, kwa fedha zake yenyewe. Waandishi wa Cairo walipiga kelele, mkandarasi wa Kichina akaanza kuchimba mtaro, na maji yakapanda kutoka Ihelele, Misungwi. Rais Kikwete alizindua mradi mwaka 2009. Mradi ulipoonekana unafanya kazi, wakopeshaji nao hawakukosa: India ilitoa mkopo wa Dola milioni 268 kuyafikisha maji hayo Tabora, Nzega na Igunga, na baadaye Dola milioni 500 kwa ajili ya mradi wa Miji 28.

Vijijini, awamu iliyoanza 2007 ilikusanya fedha za wafadhili na za serikali katika kapu moja, na wananchi wakaujua mpango huo kwa jina la vijiji kumi, kwa kuwa kila halmashauri ilichagua vijiji 10 vya kuanzia. Miaka miwili baadaye shirika la WaterAid, lililokuwa likizunguka wilaya kwa wilaya kuhesabu vituo vya maji, lilichapisha matokeo: asilimia 46 ya vituo lilivyovikagua havikuwa vinatoa maji. Robo ya vile vyenye umri wa miaka miwili vilikuwa tayari vimekufa. Takwimu ile ilifanya kazi ambayo hotuba za miaka 30 hazikuifanya, kwa sababu ilihesabu kinachotoa maji badala ya kilichojengwa. (Mwaka uliofuata, 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura ya kuyatambua maji na usafi kuwa haki ya binadamu, Tanzania haikuunga mkono wala kupinga. Kenya vilevile. Ukikumbuka 1965, unabaki kushangaa.)

Tangu bajeti ya 2015/16 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa Sh50 kwenda Mfuko wa Taifa wa Maji, na kwa mara ya kwanza miradi ikapata chanzo cha ndani ambacho hakitegemei uchaguzi wa nchi ya mbali. Julai 2019 ilianza RUWASA, wakala wa maji vijijini, na wahandisi wa maji wa wilaya wakatoka kwenye halmashauri wakaingia kwake. Kamati za kujitolea zikageuzwa kuwa vyombo vyenye mhasibu na fundi wanaolipwa kwa fedha za ndoo. Benki ya Dunia nayo, katika mkopo wake wa Dola milioni 350 ulioidhinishwa 2018, ilianza kulipa kwa matokeo: maji yakitoka na choo kikiwapo, fedha zinashuka.

Halafu kuna Tanga. Februari 2024 mamlaka ya maji ya jiji hilo iliuza hati fungani ya kijani kwa wananchi na taasisi, ikitafuta Sh53.12 bilioni, ikapata Sh54.72 bilioni. Riba ni asilimia 13.5 kwa mwaka, muda ni miaka 10, na inauzwa na kununuliwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hakuna balozi aliyeombwa. Mwekezaji analipwa riba kila baada ya miezi sita, mvua inyeshe isinyeshe, na fedha hizo zinatoka kwenye ankara za wateja wa Tanga, kwa hiyo mamlaka isiyosoma mita wala kuziba mivujo haiwezi hata kuijaribu njia hiyo. Miji mingine mikubwa inaweza kuifuata. Kijiji chenye pampu moja ya sola na wateja wanaolipa kwa ndoo hakina ankara za kumwonyesha mwekezaji, na majitaka ya miji yenyewe, ambayo sehemu kubwa bado inanyonywa kwa magari kutoka kwenye mashimo, bado hayajampata mtu wa kuyanunulia hati.