Gari la Moshi la Bububu

Pemba haikupata kuwa na gari la moshi. Karafuu ilitoka shamba kichwani mwa mchukuzi au mgongoni mwa punda mpaka Wete, Chake na Mkoani, ikapakiwa chomboni kwenda Unguja. Hili halikosi kuuma: tangu dhoruba ya 1872 ing'oe mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba salama, Pemba ndiyo iliyolishikilia zao hilo. Reli ikatandikwa Unguja.

Ya kwanza ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar mwenyewe, Sayyid Barghash. Mwaka 1879 aliamuru reli ya maili 7 kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani. Mabehewa mawili yalivutwa na nyumbu, kisha mwaka 1881 akaagiza kichwa cha mvuke kwa watengenezaji Bagnall wa Uingereza. Alipofariki mwaka 1888, na reli yake ikafa.

Ya pili ilikuwa ya watu. Kampuni ya Arnold, Cheney ya New York, wanunuzi wakubwa wa pembe za ndovu, iliimaliza mwaka 1905. Ilianzia Ngome Kongwe, ikapenya vichochoro vya mjini huku behewa likikaribia kugusa kuta za nyumba, kisha ikafuata pwani kupita Maruhubi na Mtoni hadi kituo chake cha shamba, Bububu, maili 7 pia.

Wengi husimulia kwamba jina la Bububu ni mlio wa gari lile. Simulizi tamu, lakini haisimami. Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alikaa Bububu kabla ya kutoroka Unguja mwaka 1866, na kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886 zinalitaja jina hilo waziwazi. Kama ni mlio, basi wanaosema ni wa maji wana hoja nzito zaidi: Bububu ni mahali pa chemchemi, na Barghash ndiko alikovuta maji ya mfereji kuleta mjini.

Serikali iliinunua reli mwaka 1911. Barabara zikatengenezwa, motokaa zikaongezeka, na mwaka 1922 abiria wakaachishwa. Gari halikuzimwa papo hapo; liliendelea kubeba mawe ya kujengea bandari mpya ya Malindi. Kazi ilipokwisha, vyuma vikang'olewa.

Leo uwanja wa Ngome Kongwe umezoea ngoma za tamasha la Sauti za Busara, na safari ya Bububu ni ya daladala namba 502, kondakta akining'inia mlangoni akiita abiria. Msafiri wa Pemba hushuka Malindi alfajiri, mkungu wa ndizi begani, kikapu mkononi. Unyayo wake wa kwanza Unguja hukanyaga bandari iliyoanza kujengwa kwa mawe yaliyobebwa na gari lile.