Jinsi vali za moyo zitokanazo na wanyama zinavyokingwa zisikakamae

MGONJWA ambaye vali ya moyo wake imeharibika huweza kuwekewa bandia ya kaboni ngumu au iliyotengenezwa kwa tishu za mnyama. Vali ni mlango mdogo unaozuia damu isirudi ilikotoka.

Vali ya kaboni hudumu miaka mingi, lakini humlazimu mgonjwa kumeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maishani mwake mwote. Dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Vali ya tishu hutokana na vali ya nguruwe au utando unaozunguka moyo wa ng'ombe. Aghalabu haihitaji warfarini ya kudumu. Kasoro yake ni kwamba hukakamaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, daktari Mfaransa Alain Carpentier alianza kuhifadhi tishu hizo kwa glutaraldehidi. Kemikali hiyo huunganisha nyuzi za kolajeni, huimarisha tishu na kupunguza uwezekano wa mwili kuishambulia. Hata hivyo, mabaki yake hunasa kalsiamu iliyomo katika damu. Mafuta aina ya fosfolipidi yaliyosalia katika seli zilizokufa hufanya vivyo hivyo. Madini hayo yakirundikana, vali huwa ngumu, hupasuka au hushindwa kufunguka vyema.

Watengenezaji hukabiliana na tatizo hilo kwa njia kadhaa. Ethanoli au sabuni maalumu hutumiwa kuondoa mafuta. Asidi ya amino-oleiki nayo hushikamanishwa na mabaki ya glutaraldehidi. Katika mbinu ya karibuni zaidi, mabaki hayo huzibwa, kisha tishu hukaushwa kwa gliserini badala ya kuhifadhiwa ndani ya glutaraldehidi. Vali ya moyo ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2017.

Hakuna mbinu iliyokomesha ukakamavu huo kabisa. Kwa wazee, vali ya tishu huweza kudumu zaidi ya miaka 10; kwa watoto na vijana huharibika mapema zaidi.

Hapa nchini Kenya jambo hili ni zito, kwani homa ya baridi yabisi, ambayo hufuatia maambukizi ya koo, huharibu vali za watu wangali wachanga. Msichana anayetarajia kuzaa hulazimika kuchagua kati ya hatari ya warfarini na uwezekano wa kupasuliwa tena. Kwa hivyo, koo la mtoto lililoambukizwa bakteria likitibiwa mapema kwa penisilini, uamuzi huo mchungu huweza kuepukwa.