Jinsi sauti zinavyopangwa ndani ya kinanda cha umeme

MPIGA kinanda anayetumbuiza peke yake katika harusi mtaani Magogoni, eneo la Kisauni, Mombasa, hutarajiwa kutoa mlio wa fidla, akodiani, udi, besi na ngoma kwa ala moja tu.

Sauti hizo zimo ndani ya kinanda chake, ila hazikuwekwa ovyo. Kila moja ina anwani yake ya nambari, na asiyeifahamu anwani hiyo anaweza kuipoteza sauti aliyoizoea pindi anapobadilisha ala.

Mnamo 1983, kampuni za Japani na Marekani zilikubaliana juu ya lugha moja ya kuunganisha vinanda vya umeme, iitwayo MIDI. Lugha hiyo haisafirishi sauti yenyewe. Hupeleka maagizo tu: kitufe kipi kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, na sauti nambari ngapi itumike.

Tatizo lilikuwa kwamba nambari iliyokuwa piano katika kinanda kimoja ingeweza kuwa tarumbeta katika kingine. Ndipo mwaka 1991 ukatolewa mpangilio wa pamoja uitwao General MIDI.

Mpangilio huo una sauti 128, zilizogawanywa katika jamii 16 zenye sauti nane kila moja. Piano huchukua nambari 1 hadi 8, ogani 17 hadi 24, magitaa 25 hadi 32, besi 33 hadi 40, na ala za nyuzi kama fidla 41 hadi 48. Akodiani, ambayo wapenzi wa taarab wanaifahamu vyema, ni nambari 22 katika jamii ya ogani.

Ngoma zina utaratibu wao. Hutengewa chaneli ya 10 kati ya chaneli 16, na hapo kila kitufe hutoa ngoma tofauti badala ya noti ya juu au ya chini.

Ala za Pwani ziko wapi?

Jamii ya 105 hadi 112 ndiyo iliyotengewa ala za mataifa mbalimbali. Humo mna sitari ya India, koto ya Japani, kalimba ya Afrika, na shanai ya Kihindi ambayo ni ndugu wa nzumari ya Pwani. Udi na kanuni, nguzo mbili za taarab, hazimo katika orodha hiyo ya 128.

Ili kuongeza nafasi, watengenezaji hutumia benki, yaani orodha zilizopangwa moja juu ya nyingine. Benki hutambulishwa kwa nambari mbili, kila moja ikianzia 0 hadi 127, hivyo kuna nafasi ya benki 16,384.

Katika mpangilio wa XG uliotolewa na Yamaha mwaka 1994, udi uliwekwa katika benki iliyo nyuma ya banjo, nambari 106. Kanuni nayo iliwekwa nyuma ya koto, nambari 108.

Nyuma ya koto hiyo hiyo kuna taishokoto, ala iliyobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912. Ala hiyo ilijipatia makao katika taarab ya Mombasa, hasa katika nyimbo za kikundi cha Zuhura Swaleh.

Hatari ya kuhama

Wimbo uliohifadhiwa kwa MIDI hubeba nambari hizo tu. Ukichezwa katika kinanda kisicho na benki inayohitajika, mara nyingi ala hiyo hurejea kwenye sauti ya msingi. Udi hugeuka banjo, na kanuni hugeuka koto.

Aidha, kinanda cha kawaida hugawanya oktava katika hatua 12 zilizo sawa, ilhali maqamu za Kiarabu kama Rast na Bayati huhitaji robo za sauti. Vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Uarabuni huwa na njia ya kushusha noti fulani kwa robo hiyo. Marekebisho hayo yasipohamishwa pamoja na wimbo, maqamu huharibika hata kama udi umepatikana.

Kwa sababu hiyo, mpigaji hushauriwa kuandika daftarini jina la kila sauti, nambari yake, nambari zote mbili za benki na noti zilizoshushwa. Ikumbukwe pia kwamba baadhi ya vinanda huanza kuhesabu kwa 0, hivyo akodiani huonekana kama 21.

La muhimu zaidi ni kurekodi wimbo kwa sauti halisi kabla kinanda hakijauzwa wala kuharibika. Nambari humwelekeza mpigaji mahali pa udi katika kinanda kile alichokitumia. Mlio wenyewe hubaki katika rekodi.