Kiwango cha kurekodi katika vigeuzi vya sauti vya dijitali

Kiwango cha kurekodi ni nguvu ya umeme wa sauti unaoingia katika kigeuzi, kifaa kinachopima wimbi maelfu ya mara kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Nguvu hiyo hugusa ubora wa sauti, ila si kwa namna ambayo mafundi wengi wa studio walirithi kuamini.

Kigeuzi kina dari, na chini kina sakafu ya kelele. Dari ni desibeli 0 katika mita ya dijitali. Juu yake hakuna tarakimu, hivyo wimbi likizidi hukatwa kichwa na msikilizaji husikia mkwaruzo. Kanda ya sumaku ilikuwa na huruma zaidi: ilipozidiwa ilibana sauti polepole. Lakini ilikuwa na kelele yake ya kudumu, na fundi alisukuma sindano ya mita hadi kwenye nyekundu ili muziki uifunike. Katika zama za biti 16, yaani tarakimu 16 za 0 na 1 kwa kila kipimo, tabia hiyo bado ilikuwa na sababu. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 kati ya dari na sakafu, kwa hiyo biti 16 hutoa kama 96, na anayerekodi desibeli 24 chini ya dari huacha biti 4 bila kazi.

Kwa biti 24 sababu hiyo imekwisha. Hesabu hutoa desibeli 144, ingawa vigeuzi vingi vizuri vya studio huishia kati ya 110 na 125, maana kelele za saketi humeza biti za chini. Hata hizo zinatosha kabisa: kelele za chumba na maikrofoni kwa kawaida huwa juu ya sakafu ya kigeuzi. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya hulinganisha mitambo kwa desibeli 18 chini ya dari, na shirika la viwango la SMPTE la Marekani kwa 20. Hapo vifaa vya analojia hufanya kazi karibu na kiwango vilichoundiwa. Anayesukuma hadi ukingoni huvilemea vifaa hivyo kabla hata kigeuzi hakijaguswa, na pigo moja kali la ngoma huharibu wimbo usioweza kuimbwa tena vilevile.

Rekoda za biti 32 zenye nukta elea, kama Zoom F6 ya 2019, hupunguza hatari ya kugonga dari kwa kutumia vigeuzi viwili kwa kila chaneli, kimoja cha sauti kubwa na kingine cha ndogo. Maikrofoni iliyozidiwa, hata hivyo, haiokolewi na kigeuzi chochote.