Kijalizo Hujaliza Nini? Mpapatiko wa Atiria na Lishe Yake

Mgonjwa akitoka kupimwa umeme wa moyo (ECG) na kuambiwa ana AF, mara nyingi hurudi nyumbani na herufi hizo mbili tu. Ndugu wakimuuliza anaumwa nini, atasema moyo unamwenda mbio, au unaruka mapigo, au ana presha ya moyo. Hapo ushauri huanza kumiminika: ale ndizi, anywe mafuta ya samaki, atafute vidonge vya magnesiamu, atafune kitunguu saumu kila asubuhi kabla ya kutia kitu tumboni. Ushauri wenyewe hutolewa kwa mapenzi. Ila ugonjwa usio na jina linaloeleweka hukaribisha dawa yoyote, na katika ugonjwa huu baadhi ya hizo zinazoitwa dawa huchochea kile kile kinachokimbiwa. Ndiyo maana nataka tuyatazame kwa makini majina mawili: jina la ugonjwa, na jina la vile vidonge vya kwenye chupa tunavyoviita virutubisho.

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu, yaani atiria, hupokea damu. Viwili vya chini, yaani ventrikali, huisukuma kwenda mapafuni na mwilini. Pigo la kawaida huanzia kwenye kikundi kidogo cha seli kilichoko sehemu ya juu ya atiria ya kulia. Hapo hutoka mshtuko mmoja wa umeme, atiria zote mbili hubana kwa pamoja, kisha umeme hushuka hadi ventrikali nazo zikabana. Katika ugonjwa huu utaratibu huo umevunjika. Umeme huzunguka ovyo ndani ya misuli ya atiria, mara 350 hadi 600 kwa dakika, na kila fungu la nyuzi hujibana kwa wakati wake. Kizuizi kilichopo kati ya vyumba vya juu na vya chini hupitisha baadhi tu ya mishtuko hiyo, bila mpango. Ukimshika mgonjwa mshipa wa mkono unasikia mapigo yasiyohesabika kwa mwendo mmoja: mawili ya haraka, kimya, moja, kisha matatu yaliyofuatana.

Waganga wa zamani waliyajua mapigo hayo, ila hawakujua yanatoka wapi. Thomas Lewis wa London ndiye aliyeonyesha mwaka 1909, kwa mashine ya kupima umeme wa moyo iliyobuniwa na Willem Einthoven wa Leiden, kwamba vurugu ile chanzo chake ni atiria. Jina la kitaalamu la ugonjwa huu lilitokana na neno la Kilatini la nyuzi ndogo, kwa kuwa kinachoonekana ukitazama moyo wa namna hiyo kwa macho ni nyuzi zinazochezacheza kila moja peke yake.

Kwa Kiswahili tumelifanyia nini jina hilo? Wapo wanaoandika fibrilesheni ya atiria. Si kosa, lakini msomaji asiyesomea tiba hapati chochote humo. Wapo wanaoandika mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, na hilo ni pana mno, maana linachukua pia moyo unaopiga polepole kupita kiasi, na lile pigo moja la ziada ambalo karibu kila mtu hulipata na lisimdhuru. Mtetemo nao umejaribiwa. Lakini anayetetemeka kwa baridi hutetemeka mzima mzima, kwa mwendo unaofanana, na atiria hizi hazina mwendo unaofanana hata kidogo.

Mimi nachagua mpapatiko wa atiria. Kuku aliyechinjwa hupapatika: nguvu ipo, misuli inafanya kazi, lakini hakuna aendako. Atiria zenye ugonjwa huu ziko vivyo hivyo, zina shughuli nyingi na hazisukumi damu. Chaguo hili lina faida nyingine. Kuna ugonjwa jirani ambao madaktari hawauchanganyi na huu, ambapo umeme huzunguka atiria kwa njia moja ile ile, takriban mara 300 kwa dakika, kwa mpangilio uliotulia. Huo nauita mpepeo wa atiria, kutokana na kupepea. Matibabu ya hali hizi mbili hayalingani, basi na majina yake yasilingane.

Hatari kubwa ya mpapatiko haiko kwenye mwendo wa mapigo bali kwenye damu inayotuama. Atiria ya kushoto ina kijifuko pembeni, na damu isiyosukumwa huganda humo. Bonge likichomoka huenda kwenye ubongo, na mtu hupata kiharusi. Utafiti uliofanywa kwa miaka mingi katika mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha kuwa mpapatiko huzidisha hatari ya kiharusi karibu mara tano. Hakuna chakula wala kidonge cha lishe kinachochukua nafasi ya dawa ya kuzuia damu kuganda kwa mgonjwa anayeihitaji. Nalisema hili kabla ya kuingia kwenye lishe kwa sababu nimewasikia watu wakizungumza kana kwamba kuna njia mbili za kuchagua, ya hospitali na ya chakula. Lishe husaidia kudhibiti, na kudhibiti si kuponya.

Sasa jina la pili. Wataalamu wa lishe hutumia virutubishi kwa maana ya vile vilivyomo ndani ya chakula chenyewe: protini, vitamini, madini. Mitaani neno virutubisho limekwisha kuhamia kwenye chupa na pakiti. Muuzaji akisema "virutubisho vya moyo", mteja husikia chakula, kitu salama kisicho na kipimo. Hapo ndipo penye hatari, na kwa hiyo napendekeza kidonge au unga wa namna hiyo uitwe kijalizo cha lishe. Wanaisimu wanalo neno hili kwa maana yao, ya kile kinachokamilisha kitenzi, na halitawadhuru wakitugawia. Kujaliza ni kujaza kilichopungua. Anayesikia kijalizo atauliza: nini kimepungua? Katika mpapatiko wa atiria sijui swali lenye manufaa kuliko hilo.

Tuanze na potasiamu na magnesiamu, kwa kuwa hapa pengo linaweza kuwapo kweli. Madini haya ndiyo yanayowezesha seli za moyo kujichaji upya kati ya pigo na pigo. Potasiamu ya damu ikishuka, moyo huwa mwepesi wa kuvurugika. Wagonjwa wengi wa mpapatiko wana shinikizo la damu au moyo uliochoka, na hupewa dawa za kukojoza maji kama furosemaidi. Dawa hizo hutoa maji pamoja na potasiamu na magnesiamu. Tena magnesiamu ikipungua, figo hushindwa kuizuia potasiamu isitoke, hivyo kumjaliza mgonjwa potasiamu peke yake hakufui dafu. Damu ikipimwa na pengo likaonekana, kijalizo ni tiba halali kabisa. Ndizi, maharage, viazi vitamu, maji ya madafu na mboga za majani ni vyanzo vizuri vya potasiamu. Karanga, korosho, mbegu za maboga na nafaka zisizokobolewa zina magnesiamu nyingi.

Lakini mgonjwa mwingine, kwenye foleni hiyo hiyo, anameza spironolaktoni, enalapril au losatani, dawa ambazo huzuia potasiamu isitoke. Au figo zake zimeanza kuchoka. Huyu akinunua vidonge vya potasiamu, au ile chumvi mbadala iliyotengenezwa kwa potasiamu badala ya sodiamu, anajaza chombo kilichokwisha kujaa, na potasiamu iliyozidi inaweza kuusimamisha moyo. Magnesiamu nayo, hasa ya aina ya oksaidi, huharisha, na kuharisha hupoteza madini yale yale yaliyokuwa yakitafutwa. Vidonge viwili vinavyofanana rangi vinaweza kumtibu huyu na kumuua yule.

Kivu, mashariki mwa Kongo, iko habari ambayo ingefaa kusimuliwa kila mahali pauzwapo vijalizo. Watu wa milimani kule waliishi miaka mingi na upungufu wa madini joto, na rovu lilikuwa jambo la kawaida. Kuweka madini joto kwenye chumvi ni moja ya hatua bora kabisa za afya ya jamii, na watoto wasio na idadi wameokolewa akili zao kwa hatua hiyo. Hata hivyo katikati ya miaka ya 1990 madaktari walieleza kuwa baadhi ya watu wazima wa Kivu, wenye rovu la siku nyingi, walipatwa na tezi ya shingo iliyofanya kazi kupita kiasi baada ya chumvi yenye madini joto kuingia. Tezi zao zilikuwa zimezoea njaa, zikapewa karamu. Na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana vya mpapatiko wa atiria, hasa kwa wazee. Pengo lilikuwapo kweli. Lililoleta madhara ni kiasi na kasi ya kulijaza. Leo vidonge vya mwani wa baharini vyenye madini joto mengi vinauzwa kwa sifa ya kuamsha mwili, na mwenye mpapatiko hana sababu ya kuvigusa kabla tezi yake haijapimwa.

Mafuta ya samaki ndiyo kisa kinachonihuzunisha zaidi, kwa vile ndiyo kijalizo kinachopendekezwa kuliko vyote kwa jina la moyo. Matumaini yalikuwa na msingi: omega-3 hushusha mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi, na ilidhaniwa hutuliza umeme wa moyo. Jaribio lililoitwa STRENGTH, lililochapishwa mwaka 2020, liliwahusisha watu 13,078 katika nchi 22. Nusu walipewa gramu 4 za omega-3 kwa siku, nusu wakapewa mafuta ya mahindi. Mpapatiko mpya ulitokea kwa asilimia 2.2 ya waliopewa omega-3, dhidi ya asilimia 1.3 ya wenzao. Majaribio mengine ya dozi kubwa yalielekea huko huko. Kwa dozi ndogo, isiyofika gramu moja, jaribio la VITAL lenye watu zaidi ya 25,000 halikuona kinga yoyote dhidi ya mpapatiko, na vitamini D iliyojaribiwa sambamba haikuleta kinga pia. Hakuna katika haya linalomkataza mtu kula dagaa au changu. Mlo wa samaki haufikishi gramu 4 za omega-3 kila siku ya mwaka.

Mboga za majani zina mkasa wao, na huu ni wetu hasa. Barani Afrika mpapatiko huwapata pia watu wengi ambao bado vijana, kutokana na vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda zilipotokea, wengi walidhani wafarini, dawa ya zamani ya kazi hiyo, imefika mwisho. Kisha jaribio la INVICTUS la mwaka 2022, lililofanyika katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini na wagonjwa 4,531 wenye tatizo hilo hilo la vali, likaonyesha kuwa waliotumia dawa za jamii ya wafarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya. Kwa hiyo wafarini itaendelea kuwa nasi, na pamoja nayo vitamini K.

Wafarini hufanya kazi kwa kulizuia ini lisiitumie tena vitamini K, ambayo ini huihitaji kutengeneza protini za kugandisha damu. Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki vimejaa vitamini hiyo. Mgonjwa aliyezoea kula mboga mara moja kwa wiki, mvua zikanyesha na mchicha ukawa wa bure, ataona kipimo chake cha INR, kinachoonyesha jinsi damu inavyochelewa kuganda, kikishuka chini ya 2, na damu yake kuanza kuganda. Anayeziacha mboga ghafla kwa woga, INR yake hupanda kupita 3, na anaweza kuvuja damu. Mwezi wa Ramadhani, mlo unapobadilika wote kwa pamoja, nao unastahili kipimo cha mapema. Mboga zisiachwe. Ziliwe kwa kiasi kinachokaribiana wiki hadi wiki, na dozi ya wafarini ipangwe kuufuata mlo huo. Vidonge vya kitunguu saumu vilivyokolezwa ni jambo jingine: huongeza uwezekano wa kuvuja damu, na havilingani na punje mbili ndani ya mchuzi. Anayetumia amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, naye aepuke balungi, kwani juisi yake huzidisha kiwango cha dawa hiyo mwilini.

Baada ya vijalizo vyote hivi, yaliyothibitika kuupunguza mpapatiko ni mambo ya kuondoa, si ya kuongeza. La kwanza ni pombe. Jaribio dogo la Australia lililochapishwa mwaka 2020 liliwachukua wagonjwa 140 waliokuwa wakinywa mara kwa mara. Mpapatiko uliwarudia asilimia 53 ya waliotakiwa kuacha, na asilimia 73 ya walioendelea. Mbege, ulanzi na chang'aa ni pombe sawa na bia.

La pili ni uzito. Hapa istilahi moja zaidi inahitajika. Mpapatiko unaokuja na kuondoka wenyewe nauita mpapatiko wa vipindi. Usiokoma bila kutibiwa ni mpapatiko endelevu. Kwa kawaida wa vipindi hugeuka endelevu kadiri miaka inavyopita. Huko Adelaide, Australia, madaktari waliwafuatilia wagonjwa wanene kwa miaka kadhaa huku wakidhibiti pia shinikizo la damu, sukari na unywaji wao. Waliopunguza asilimia 10 au zaidi ya uzito wao walikuwa na nafasi mara sita ya kuishi bila mpapatiko kuliko waliopunguza kidogo au kutopunguza kabisa, na kwa wengi wao ugonjwa ulirudi nyuma, kutoka endelevu kuwa wa vipindi, au ukatoweka. Waliopungua kisha wakanenepa tena walipoteza sehemu ya faida hiyo.